Tumbo la Dimanche

Mji mzima wa Kamina ulikuwa na farasi mmoja tu, na farasi huyo akashikwa na tumbo katikati ya kilio cha bwana wake. Watu wa Kamina si wageni wa misiba, wala si wageni wa maradhi ya mifugo, lakini mambo hayo mawili hawakuwahi kuyaona yamekaa pamoja katika ua mmoja. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na la kusema na hakuna aliyekuwa na la kufanya.

Farasi aliitwa Dimanche kwa sababu alizaliwa siku ya Jumapili. Alikuwa jike, rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo, mwenye macho ya kuchunguza watu. Nday alimpata kwenye shamba la ng'ombe lililokuwa nje ya mji, ambako tangu ujana wake alikuwa mkuu wa wachungaji. Shamba lilipofungwa, ng'ombe walipakiwa, mabati yakang'olewa, na wenye shamba wakamwachia Nday yule farasi kwa kuwa hapakuwa na gari lililomtaka. Nday akampeleka nyumbani, akamjengea kibanda nyuma ya nyumba, akawa anapita naye mjini akimbebesha makaa, mihogo, na safari moja bibi harusi. Yeye na mke wake Émerence hawakujaliwa mtoto. Majirani walisema, kwa ule utani wenye mwiba, kwamba nyumba ile ina mtoto mmoja na ana miguu minne.

Kisha presha ikampanda Nday, na haikushuka mpaka ilipoondoka naye.

Rehema alikwenda kwenye kilio kama watu wengine. Huyu Rehema ni mwuza samaki wakavu wanaotoka Kinkondja, mtoto wa wale Waislamu ambao babu zao walitoka Maniema wakiifuata biashara, na biashara ikawashika hapa hapa. Si mtu wa machozi. Msibani hukaa wima, hutoa pole yake, huangalia nani amekuja na nani hakuja, kisha hurudi sokoni. Lakini ana kazi yake ya pili, ambayo imempa jina kuliko samaki, nayo watu huiita dawa ya vidole. Zamani, alipokuwa akipanda treni kwenda Lubumbashi kuleta bidhaa, tumbo lilimsumbua mpaka akapelekwa kwa mama mmoja Mchina aliyekuwa akitibu nyuma ya duka la vyombo. Mama yule hakumpa kidonge. Alimbonyeza tu, chini ya goti, kwenye kiganja, mgongoni, na tumbo likatulia. Rehema akarudi kwake mara nyingi, nyingine akiwa mgonjwa na nyingine akijifanya mgonjwa, mpaka akauiba ufundi ule kwa macho na kwa mwili wake mwenyewe. Leo nyuma ya meza yake ya samaki kuna kiti cha plastiki, na juu ya kiti hicho wamekaa watu wazito wa mji huu, suruali zimekunjwa, wakibonyezwa chini ya magoti. Mume wake Moustapha, ambaye ni mchinjaji, humcheka. Kidole kimoja hakivunji chawa, humwambia. Rehema humjibu kwamba yeye hutumia viwili.

Alimkuta Émerence amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, amezungukwa na wanawake. Kwa akina Nday mjane hapiki wala hajipakulii. Hulishwa na wenzake, na sahani yake hutazamwa. Ikirudi tupu, watu hushukuru. Ikirudi imejaa, maswali huanza: anakataa chakula cha nani, ana nini moyoni, na huyo mume amekufa namna gani hasa. Maneno ya aina hiyo yakishaanza hayana breki. Kwa hiyo dada za marehemu walikuwa wakizitazama sahani za Émerence kwa makini kuliko walivyomtazama Émerence mwenyewe, na walikuwa wameridhika. Walimwambia Rehema kwamba mjane wao anakula vizuri. Kila sahani anaingia nayo chumba cha nyuma, anakula peke yake kama mtu mwenye heshima, na inatoka haina hata punje ya harage.

Rehema alimtazama Émerence shingoni akaona mifupa. Huzuni ina njia zake, aliwaza, na akaketi.

Haukupita muda, Émerence akamwinamia sikioni, akamwita yaya, kama anavyoitwa dada mkubwa.

"Yaya, enda uangarie Dimanche. Tangu asubui iko nalala, iko naamuka. Banasema niache tu. Minyi siwezi."

Rehema alitaka kumjibu kwamba yeye hubonyeza watu, si wanyama. Lakini Émerence alikuwa amemshika ukingo wa mtandio.

"Akifa ule," alisema, "nani atanijua mu hii nyumba?"

Hilo halikuhitaji ufafanuzi. Kitanda, redio na baiskeli ya marehemu vilikwisha kupata macho ya kuvitazama. Ndugu wa marehemu wangeondoka navyo kilio kitakapokwisha, na hakuna aliyeona ajabu. Farasi ndiye pekee ambaye hakuna aliyejua amfanyie nini. Rehema akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba.

Dimanche alikuwa akiparua ardhi kwa kwato za mbele. Aligeuza kichwa akautazama ubavu wake, akageuza tena, kana kwamba kuna mtu anamwita kutoka humo ndani. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Tumbo lilikuwa limekaza, na kibandani hapakuwa na mavi mapya. Alipiga magoti, akalala, akataka kubingirika, akakosa nafasi, akainuka akihema. Mnyama mkubwa anapoumwa hupati pa kuyaficha macho yako.

Mulumba, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama hapo mikono kifuani. Ni dereva wa malori, mtu mwenye mabega, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Alimweleza Rehema bila ubishi kwamba hakuna cha kutibu hapa. Nday ndiye anayemwita farasi wake. Mtu aliyetembea na mnyama umri wote hawezi kwenda huko peke yake. Jua likianza kushuka na huyu hajapata nafuu, alisema, angetafuta mtu mwenye kisu amwondolee mateso. Kama nyama ya farasi inaliwa, hakuna aliyejua, lakini kwenye kilio nyama haikosi mlaji.

Rehema alimwomba ampe mpaka wakati huo. Alimwomba kwa sauti ile ile anayouzia samaki wa juzi, na Mulumba, kama wateja wengi, akakubali.

Basi akafunga mtandio nyuma ya shingo, akakunja mikono ya gauni. Pahali pa tumbo anapajua: chini ya goti, upande wa nje, vidole vinne kutoka kwenye goti lenyewe. Akaangalia mguu wa nyuma wa Dimanche, akaona pale unapokunjika, akashuka vidole vinne, akabonyeza. Dimanche akarusha teke lililopita karibu na sikio lake. Akajaribu mguu wa pili, akabonyeza kwa adabu zaidi. Farasi alimwangalia kama mtu anayeangalia mgeni aliyekosea nyumba. Tumbo halikujali.

Kuuliza si ujinga, lakini kumwuliza mume anayekucheka kuna uzito wake. Rehema akapiga simu buchani. Moustapha alianza kucheka, kisha aliposikia kwamba ni farasi wa marehemu Nday, kicheko kikakatika. Akamweleza taratibu kwamba hapo alipobonyeza ni kifundo, si goti. Ng'ombe, mbuzi, farasi, wote goti lao la nyuma liko juu, karibu na tumbo, pale ngozi inapojikunja. Ushike mfupa pale, alisema, halafu ushuke kwa nje, utapata bonde kati ya mifupa. Alimpa pia namba ya Gaston, daktari wa mifugo anayempimia nyama, na akamwambia ampigie bila kuchelewa.

Rehema alilipata lile bonde. Akaweka dole gumba, akasubiri, akaukandamiza mwili taratibu kama mama Mchina alivyokuwa akifanya, akiusindikiza na pumzi ya mnyama bila kushindana naye. Akaenda mguu wa pili. Kisha akapandisha vidole mgongoni, akafuata uti mpaka kiunoni, mahali ambapo mgongo unabonyea kabla ya matako kuanza, akakuta kishimo kinachokubali kidole. Hapo hakufundishwa na mtu. Alifika kwa kutafuta tu, kama anavyotafuta kwenye migongo ya wachuuzi wenzake. Dimanche akateremsha kichwa. Akalamba midomo, akatafuna hewa, akatoa pumzi ndefu puani. Mulumba akaishusha mikono yake kutoka kifuani.

Ndipo Rehema akavimba kichwa. Akawaomba wanawake wa jikoni tangawizi na majani ya chai, yale yanayonukia kama limau, akavichemsha pamoja, akavipoza, akavijaza kwenye chupa ya bia. Mulumba alikuwa tayari amemshika farasi kidevuni na kumwinua kichwa, kama wanavyonyweshwa mbuzi, simu ya Rehema ilipoita: ni Gaston, ambaye alikuwa amempigia bila kumpata. Gaston alikuwa Kabondo-Dianda akichanja ng'ombe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini siku ile ilifika kwa wakati. Aliposikia habari ya chupa, alisema iwekwe chini, na akasema mara mbili. Farasi hatapiki, alieleza, na akimiminiwa kitu kinywani kwa nguvu, kinaweza kwenda mapafuni, na hapo huhitaji tena daktari. Asipewe chakula chochote, hata jani. Maji yawe kwenye ndoo, anywe akitaka mwenyewe. Atembezwe polepole, asiachwe abingirike. Na vidole viendelee. Havimdhuru, vinamtuliza, na farasi aliyetulia hajitupi chini akajipindua matumbo. Lakini mama asidanganyike, alisema Gaston: vidole haviwezi kuzibua kilichoziba. Yeye anakuja na pikipiki, na mpira wa kupitisha puani, na mafuta, njia itakavyomruhusu.

Mwisho akauliza farasi amekula nini. Rehema akamwuliza Mulumba, na Mulumba akasema majani, kama siku zote. Majani hayafanyi hivyo, alisema Gaston, na simu ikakatika.

Rehema hakupenda kuambiwa, lakini hakuwa mjinga. Ile tangawizi akainywa mwenyewe, isipotee.

Wakaanza kumtembeza, yeye na Mulumba, kuuzunguka ua. Walipita nyuma ya viti vya wanaume, na wanaume wakakunja miguu yao kupisha. Kwaya ya kanisa ilikuwa ikiimba, na Dimanche, kwa kuwa wimbo ulikuwa wa polepole, akautembea kama wake. Kila baada ya mizunguko wakasimama, Rehema akabonyeza, kisha akaweka sikio ubavuni kama Gaston alivyoagiza. Upande wa kulia, kimya. Upande wa kushoto, kimya. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, alikuwa ameambiwa. Linazungumza mchana kutwa. Mulumba, akishika kamba, alisimulia jinsi Nday alivyomfundisha kupanda farasi akiwa mdogo, na jinsi alivyoanguka kwenye boma la ng'ombe mbele ya wasichana. Alisimulia bila kumwangalia mtu. Rehema alimsikiliza na akaona kwamba huyu hakuwa na haraka ya kisu hata kidogo, alikuwa na hofu tu ya kumwona mnyama wa kaka yake akiteseka.

Mchana ulipokuwa unaanza kulegea, Rehema akaweka sikio kushoto akasikia kitu. Kilikuwa kidogo, kama sufuria ya maharagwe inapoanza kuchemka chini ya kifuniko. Akasikiliza tena kuhakikisha, kisha akatangaza kwamba tumbo limesema. Habari hiyo ilipita kilioni haraka kuliko sahani ya nyama. Watu ambao hawakuwahi kumgusa Dimanche walikuja kuweka masikio yao, na kila mmoja akatikisa kichwa kama daktari. Rehema alifurahi, na alijua kwamba amefurahi kupita kipimo, maana alikuwa akiviangalia vidole vyake.

Wakamfunga Dimanche kibandani apumzike. Mulumba akaenda kunywa maji. Rehema akaenda nyumba ya jirani kutawadha na kuswali alasiri, kisha akarudi kwa njia ya nyuma, iliyo fupi.

Émerence alikuwa kibandani. Mkono wa kushoto ulishika sahani yenye bukari, yaani ugali, maharagwe na sombe ya majani ya muhogo. Kwa mkono wa kulia alikuwa akifinyanga tonge, akilipoza kwa pumzi, akalitoboa katikati ili lishike mboga, kama anavyofanyiwa mtoto aliyeachishwa ziwa, na kumpa Dimanche. Dimanche alilipokea kwa midomo yake mirefu. Alikuwa na maumivu, alikuwa na tumbo linaloanza tu kupata nafuu, na alikula, kwa sababu aliyempa alikuwa Émerence.

Rehema aliinyakua ile sahani. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakapiga kelele. Kazi yake ya mchana kutwa ilikuwa ikiingia kinywani mwa mnyama tonge kwa tonge.

"Njo weye, ni weye tu," alisema. "Mchana muzima natafuta, kumbe njo weye."

Émerence hakukimbia wala hakukana. Alijifuta mkono kwenye kitenge.

"Sahani haiwezi kurudia yenye kujaa, yaya. Dada zake banaangaria. Na minyi haipite. Naweka mu kinywa, naitafuna, haipite." Akamgusa Dimanche paji la uso. "Yeye anakulaka. Namupatia, anakula sawa bile mutoto."

"Tangu lini?"

"Tangu tulimuzika."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila sahani iliyoletwa na jirani, na akina mama wa kanisa, na dada za marehemu, asubuhi, mchana na jioni, ilipita chumba cha nyuma, ikatoka kwa mlango wa uani, ikaishia hapa. Mapishi ya mtaa mzima, yaliyokusudiwa kumtuliza mtu mmoja, yaliingia katika tumbo lililoumbiwa majani. Na yule mtu mmoja alikuwa hajala. Rehema alikumbuka mifupa aliyoiona shingoni, akaona aibu, kwa sababu aliiona na akaketi.

Mambo mawili yalimpitia kichwani. La kwanza lilikuwa rahisi. Angeweza kuja kila siku na mfuko wake wa samaki, akaimimina sahani humo, akaondoka nayo. Sahani ingerudi tupu, Dimanche angepona, na hakuna ambaye angejua. Alikuwa na kinywa wazi kusema hivyo, kisha akakifunga. Farasi angepona, lakini mjane angezikwa kando ya mume wake, na kilio hiki kingezaa kingine.

"Unisikie," alisema. "Bidole byangu habiwezi kushinda hii sahani. Ukimupatia tena, anakufa. Daktari atakuja na mafuta yake, na atakufa tu. Sasa leo magaribi sahani itakuya, kesho itakuya. Iko muntu mumoja tu wa kuikula."

"Haipite."

"Kaa chini nikubonyeze. Iko na point ya tumbo, hapa chini ya goti."

"Uniache, yaya," alisema Émerence. "Minyi si farasi."

Walitazamana. Kicheko kilimjia Rehema kikafika kooni, na aliona kimemfika Émerence pia, pembeni mwa mdomo, kabla huzuni haijakirudisha kilikotoka. Rehema akaimimina ile sahani kwenye mfuko wake, akamrudishia tupu. Akamwambia kwamba ni leo tu. Kesho hatakuja na mfuko.

Gaston alifika jua likiwa bado juu ya miti, na matope ya njia ya Kabondo-Dianda yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Ni mtu asiyepoteza maneno. Alisikiliza tumbo kwa chombo chake, akamwangalia ufizi, kisha akapitisha mpira puani mwa Dimanche polepole mpaka tumboni, huku Mulumba ameshika kichwa na Rehema ameweka dole gumba kwenye kile kishimo cha kiunoni. Katika mpira ikatoka harufu ya bukari iliyochacha, kali kama ya pombe ya mahindi. Gaston akageuka. Watu wa kilio walikuwa wamejaa ua, dada za marehemu wakiwa mbele, na Émerence amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma.

Akauliza kwa mara ya pili farasi huyu amelishwa nini, tena na nani.

"Bukari," alisema Rehema. "Na maharagwe. Kilio iko na bantu mingi, daktari. Kila muntu anahurumia farasi ya marehemu."

Hakuna alichosema ambacho si kweli, na mwuza samaki hujivunia hilo. Dada za marehemu wakawageukia wageni kwa macho makali, na wageni wakatazamana wakitafuta mwenye hatia kati yao. Gaston hakufuatilia zaidi. Akamimina mafuta kwenye mpira, akautoa, akaeleza ili wote wasikie: kuanzia sasa hakuna kitu kitakachotoka kwenye sufuria kikaingia kinywani mwa huyu mnyama. Kesho, kama amepata choo, apewe majani mabichi kidogo yaliyoloweshwa, na maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kubana na vidole. Tangawizi inaweza kuja baadaye, kidogo tu, ndani ya chakula chake, aile kwa hiari yake. Vidole asubuhi na jioni. Hapo akamtazama Rehema akaongeza kwamba bila kumtuliza mnyama mchana ule, huenda angekuta amekwisha kujipindua matumbo. Lakini sahani moja zaidi, alisema, ingetosha kuyaharibu yote.

Mulumba alimtazama shemeji yake pale mlangoni kwa muda mrefu. Kama alielewa, hakusema, na kwa hilo Rehema anamheshimu mpaka leo.

"Basi si Nday alimuita," alisema.

"Hapana," alisema Gaston. "Ni tumbo."

Mulumba akakaa chini pale pale kwenye majani ya kibanda, akafunika uso kwa mikono. Alikuwa amelia siku zote za kilio, lakini kilio hiki kilikuwa kingine, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alipomaliza alimwambia daktari wafwako, yaani asante, akamwambia na Rehema, na ile habari ya kisu haikutajwa tena.

Asubuhi Rehema hakufungua meza yake sokoni. Alipofika, alikuta watu wamesimama nyuma ya nyumba kwa duara, kimya, kama wanaotazama kaburi. Mulumba akampisha. Katikati ya duara kulikuwa na rundo la mavi, laini, linalong'aa kwa mafuta, linatoa mvuke. Hata wenye suti za msiba waliinama kulichunguza. Shangazi mmoja wa marehemu, aliyekuwa amekauka sauti kwa kulia, akashindwa kujizuia akapiga vigelegele. Akashtuka akafunika mdomo, akatazama huku na huku, kisha akaona hakuna anayemkemea, akapiga tena. Dimanche alikuwa amesimama nyuma yao, amepumzisha mguu mmoja, masikio yamelegea. Rehema akambonyeza pande zote mbili, akasikiliza, akakuta tumbo linazungumza kulia na kushoto bila aibu.

Kisha akaenda kukaa kwenye mkeka na wanawake wengine, akasubiri saa ya chakula. Hakuwa na mfuko.

Sahani ikaja mchana. Ilikuwa bukari, maharagwe, na samaki wa Kinkondja, ambaye Rehema alimtambua kwa kuwa alikuwa wa kwake. Dada za marehemu waliipanga, wakaikabidhi, wakakaa kutazama. Émerence aliipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaingia nayo chumba cha nyuma. Rehema akasikia mlango wa uani ukifunguka. Moyo ulimdunda, jambo ambalo halimpati msibani. Akasema anaenda chooni, akazunguka nyumba.

Émerence alikuwa amesimama mbele ya kibanda na sahani mkononi. Dimanche alikuwa amekwisha kunyoosha shingo kuijia, pua zimefunguka, midomo inatafuta. Alikuwa na njaa; tangu jana hakuwa amepewa ila majani machache. Émerence alisimama hivyo kwa muda. Kisha akakunja miguu akakaa chini, hapo hapo mbele ya farasi, akaweka sahani mapajani. Akafinyanga tonge. Akalitoboa, akalichovya, akalitazama, akalitia kinywani mwake.

Alitafuna muda mrefu. Shingo yake ilikaza, ikakataa, ikakaza tena. Likapita. Machozi yakaanza kumtoka hapo, mengi, bila sauti, na mkono wake ukarudi kwenye sahani ukachukua tonge jingine, na jingine. Dimanche akainamisha kichwa juu ya bega lake, akateremsha midomo mpaka kwenye bukari. Émerence akausukuma ule uso mkubwa kwa mgongo wa mkono wake.

"Hapana," alimwambia, kinywa kimejaa. "Hii njo yangu."